Tulivyowatoa vijana 14 Dodoma mpaka Ujerumani: uzi wa njiani tu

Mlezi wa Makole

Habari za jioni wanajukwaa. Huu uzi niliuahidi siku nyingi, leo nimetulia ngoja niulete.

Mwezi wa sita 2025 tulipeleka vijana wa kwaya na ngoma za asili, jumla 14, wa miaka 14 mpaka 17, kutoka hapa Dodoma kwenda Ujerumani siku kumi na mbili kwa mwaliko wa kanisa rafiki la kule. Walezi tulikuwa watatu, mimi, mwalimu wa kwaya na dada mmoja nesi. Ya Ujerumani sitayaongelea, nataka niongelee njia, kuanzia stesheni hapa mpaka tunapanda basi kule. Maana miezi minane ya maandalizi tulifanya mazoezi ya nyimbo, tukashona vitenge, tukakimbizana na makaratasi, lakini safari yenyewe tuliwaelekeza watoto juu juu tu, na karibu kila kilichotuumiza kilitokea hapo. Sisi walezi tulikuwa tunajua mambo mengi ila hayakuwafikia watoto, na waliokaa usiku kuwafungia mabegi nyumbani ndo kabisa hawakuyasikia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Usiku wa kuamkia safari niliandika kwenye grupu la wazazi "tukutane stesheni 12:00, asichelewe mtu". Mimi kichwani nina saa kumi na mbili asubuhi. Baba mmoja wa Nkuhungu yeye simu yake inasoma kizungu, akaelewa saa sita mchana, akalala zake. Saa kumi na mbili na robo nahesabu watoto napata 13. Nahesabu tena 13. Napiga simu inaita mpaka inakata. Kuja kupokelewa yule baba anaongea na usingizi anasema si mmesema saa sita?? Jamani moyo ulishuka mpaka kwenye viatu. Mtoto alikuja na boda, sanduku kalilaza kwenye mapaja, shati kavaa ndani nje, hajanawa hata uso, alifika getini zimebaki dakika nane kama sikosei. Mama yake kaja na boda ya pili nyuma kashika viatu vya mtoto mkononi.

Kwahiyo mkisafirisha watoto andikeni "saa kumi na mbili asubuhi" kwa maneno. Namba peke yake huwezi kujua nani anaisomaje.

Nakuja na muendelezo, nimwangalie mtoto anakohoa.

Mzee wa Kongwa

Mama mlezi umenikumbusha mbali, mimi 2009 niliachwa na basi hivyo hivyo, tiketi imeandikwa 11:30 mi nikaenda saa kumi na moja na nusu jioni. Endelea tuko hapa.

binti_ipagala

Nimeweka kigoda. Anti naomba na gharama uziweke, mdogo wangu yuko kwenye kikundi cha shule wanataka kwenda mwakani.

Mlezi wa Makole

Nimerudi. Gharama za tiketi ya ndege sitataja maana walilipa wenyeji, nisije nikakudanganya. Pasipoti ni laki na nusu kila mtoto. Kwenye pasipoti ndo tulikaa sana, cheti cha kuzaliwa kinasema jina hivi, shuleni anaitwa vile, herufi moja tu imezidi inakurudisha mwanzo. Watoto wawili walichelewa karibu miezi miwili kwa ajili ya herufi. Anza na hilo mdogo wangu, leo kabla ya kesho, chukua cheti cha mtoto ukae nacho chini usome herufi kwa herufi.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, bima ya afya inatakiwa iwe ya kuanzia yuro 30,000, na kuanzia miaka 12 mtoto anatoa alama za vidole mwenyewe, kwahiyo hamuwezi kumtuma mtu mmoja na bahasha, tuliwapeleka wote Dar. Halafu barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili. Hapa ndo pagumu kihisia. Kati ya vijana 14 watano wanalelewa na bibi au shangazi. Mmoja baba kafariki, inabidi mama atoe cheti cha kifo, mmoja baba yupo hai lakini hajulikani alipo tangu mtoto ana miaka miwili. Unamkalisha mama wa watu unamuuliza baba yuko wapi, sio kwamba unataka kumchimba, karatasi ndo linataka. Yule dada nesi ndo alikuwa anaongea nao, anajua kukaa na watu, na hakuna mzazi aliyeondoka kanuna. Kila mtoto tulimfanyia faili la plastiki, nakala zote ndani, mbele jina lake kwa maandishi makubwa.

Wakala_mstaafu

Naongezea kwa faida ya wengine. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, ila wanafunzi na walimu wanaowasindikiza kwa safari ya masomo hawalipi, na pia vijana wa miaka 25 kushuka wanaowakilisha taasisi zisizo za faida kwenye matukio ya utamaduni, michezo au semina za taasisi kama hizo. Watu wengi hawaulizi wanalipa tu. Muulize kabla hujatoa hela.

Mlezi wa Makole

Asante mkuu, sisi tuliambiwa na wenyeji, tukasamehewa. Bila hivyo sijui tungefanyaje.

Sasa treni. Tulichagua SGR makusudi, elfu 31 daraja la kawaida, na mwalimu wa kwaya alikuwa na wazo zuri sana, akasema hii treni tuifanye darasa. Na kweli ukiangalia stesheni ya SGR ina vitu vingi vya uwanja wa ndege, unaonyesha kitambulisho, mzigo unapita kwenye mashine, geti linafungwa muda ukifika hata ulie. Wengi wa watoto hawakuwahi kupita huko kabla ya siku hiyo. Kwenye yale mahandaki ya upande wa Kilosa giza lilipoingia ghafla walipiga kelele behewa zima likageuka, afu wakaanza kuimba humohumo gizani, sauti inarudi, nilisisimka.

Tulipofika Dar ndo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Ngazi za umeme. Binti mmoja wa Mpunguzi alifika pale akasimama kama amegandishwa. Anainua mguu anaurudisha. Watu nyuma wanasukumana, mmoja akatoa maneno ya kejeli, mtoto machozi yakaanza kumlenga. Mwalimu akamtoa pembeni akamwambia usiangalie ngazi, angalia mkono wangu, shika hapa pembeni, nikisema "ya" unakanyaga. Wakapanda. Wakashuka na ngazi za kawaida wakapanda tena. Mara tatu! Sisi wengine tumekaa na mizigo tunawasubiri, na sikujutia hata dakika moja, maana kule Frankfurt ngazi hizo ziko kila mahali na wala hakuna mtu wa kukusubiri. Kesho yake nilimuona amemshika mkono mdogo wake wa kwaya anamwambia "ya".

binti_ipagala

Huyo mwalimu Mungu ambariki. Kuna mtu alinicheka mimi hapo hapo Dar na nilikuwa chuo tayari.

Nyuki wa Itigi

Tusimulie uwanja wa ndege sasa

Mlezi wa Makole

Uwanja wa ndege ndo pana kidonda changu, na kwa jina lako Nyuki wa Itigi kinakuhusu.

Kuna kijana wa Hombolo, miaka 15, anakaa na bibi yake. Bibi alikuja naye stesheni asubuhi ile na kanga mbili na chupa ya maji ya lita moja imejaa asali ya huko huko Itigi, ndugu yake ana mizinga. Chupa kaifunga nailoni mara nne na kamba ya katani. Akamwambia mjukuu wake hii mpe mama atakayekupokea, isipite mkononi mwa mtu mwingine. Mtoto akatii neno la bibi yake, akaiweka kwenye begi la mgongoni akaikumbatia kutoka Dodoma mpaka Dar.

Mimi niliiona ile chupa. Naweza kusema hapa mbele yenu, niliiona stesheni, na najua kwamba kimiminika zaidi ya mililita 100 hakipiti kwenye begi la mkononi, najua kabisa, na asali wanaihesabu humo humo. Lakini muda ule ndo nilikuwa namtafuta yule mtoto wa Nkuhungu, kichwa hakipo, ikapita.

Mabegi makubwa tumeshayakabidhi, uhamiaji tumeshapita, tunafika kwenye mashine ya mwisho kijana anaitwa pembeni. Afisa alikuwa mstaarabu tu, akamwambia mdogo wangu hii haiwezi kwenda. Kijana hakubishana. Alianza kufungua ile kamba. Mafundo ya bibi, unayajua mafundo ya bibi, alikuwa anafungua moja moja kwa kucha, watu foleni nyuma, hakutaka kukata kamba. Akaifungua yote, akatoa chupa akaiweka kwenye lile pipa taratibu kama anaweka mtoto, kamba na nailoni akavikunja akarudisha kwenye begi. Hakulia. Alikuja kukaa pembeni yangu kwenye viti akaniuliza swali moja tu, "mama, bibi nimwambieje".

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikipanga safari ya mtu yeyote nakumbuka zile kucha.

Asali yenyewe Ulaya haikatazwi! Wanaruhusu mpaka kilo mbili kwa mtu. Ingekaa kwenye begi kubwa ingefika. Mtoto mwenzie alikuwa nayo kwenye begi kubwa, ikafika salama kabisa.

Nyuki wa Itigi

Nimesoma mara mbili. Inauma.

Mzee wa Kongwa

Bibi zetu ndo wanafunga mabegi, na mikutano ya wazazi wanaitwa akina baba wa tai. Kikao kijacho muite bibi akae mbele.

Mvuna_Zabibu

Pole mama. Swali, zabibu mlibeba? Mimi ningepeleka zabibu za kwetu waone.

Mlezi wa Makole

Mzee wa Kongwa hilo ndo neno. Ndicho kikao tulichofanya mwaka huu, kila aliyefunga begi aje, sio aliyesaini barua.

Mvuna zabibu, msimu ulikuwa umepita, na hata zingekuwepo zisingeingia. Matunda mabichi kuingia Ulaya yanataka cheti cha afya ya mimea, yaliyosamehewa ni matano tu, nanasi, nazi, ndizi, tende na lile durian la Asia. Nyama na maziwa ndo usiguse kabisa, hata nyama ya kukausha. Tulitoa nyama ya mbuzi kwenye mabegi mawili Dodoma siku ya ukaguzi, wazazi waliumia lakini walielewa. Angalau hilo tulilikagua, tatizo tulikagua begi kubwa, la mkononi tukaliacha.

Ndege ya kwanza ilikuwa ya jioni kwenda Addis Ababa, kama masaa matatu hivi kasoro. Viti walitutawanya ovyo japo tulikata tiketi moja, mtoto wa miaka 14 kawekwa nyuma kabisa peke yake katikati ya watu wazima wawili, baba mmoja akakubali kubadilishana, sijui hata jina lake, alipo awe na amani.

Chakula kikaja. Naangalia nyuma naona watoto watatu wanakataa, wanatikisa kichwa kwa adabu kabisa, no thank you. Nikajua hawana njaa. Baadae dada nesi anapita anamkuta mmoja kajikunja anashika tumbo. Kumbe mama zao waliwaambia hela za matumizi msile ovyo, na wao kwenye basi la Dodoma Dar kila kinacholetwa dirishani kinauzwa, wakajua na hapa wanauziwa. Hakuna aliyewaambia chakula kimo kwenye tiketi! Miezi minane jamani. Wahudumu wakaleta tena, walikula mpaka siagi.

Na masikio. Ndege ikianza kushuka masikio yanaziba yanauma, mmoja aliyekuwa na mafua alilia sana. Wape pipi au bigijii, wameze mate, wapige miayo. Mwenye mafua makali aonwe na daktari kabla.

daktari_wa_mifugo_tu

Vipi kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, mlidaiwa?

Mlezi wa Makole

Kwenda Ujerumani hawakudai, ila tulichanja wote kwa sababu ya kurudi, maana ukipitia nchi yenye homa ya manjano ukakaa uwanjani zaidi ya masaa 12 kuingia Tanzania wanaweza kuidai. Na ndege zikichelewa masaa 12 sio mengi. Chanjo ni mara moja maisha, tangu 2016 kadi haiishi muda.

Sasa Addis, hapa kuna kitu kilinifurahisha sana. Tulikuwa na masaa manne hivi ya kusubiri, watoto wamechoka, wengine wamelala kwenye kapeti wamefunikana vitenge. Addis iko juu sana, zaidi ya mita 2,300, hata ndani unahisi ubaridi. Binti mmoja akamuuliza mama aliyekuwa anafagia, kwa Kiingereza cha shule, ni saa ngapi. Yule mama akamwambia "three". Binti anaangalia ukutani saa inaonyesha 21:00. Akaja mbio kuniamsha, "anti anti, hawa wana saa zetu!". Na ni kweli, Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza ndo wanaanza moja. Watoto walifurahi kama wamekutana na ndugu, wakaenda kumuuliza tena na tena, yule mama akawa anacheka anawafundisha kuhesabu kwao.

Ila hapo hapo nikashtuka, nikakumbuka yangu ya asubuhi. Nikawaamsha wote, nikamwambia kila mmoja atoe ile karatasi ya kupandia ndege anisomee saa. Imeandikwa 23:40. Majibu niliyopata, saa kumi na moja, saa tano, saa ishirini na tatu, mmoja akasema saa nne kasoro. Tukafanya somo pale pale chini kwenye kapeti. Ukikuta namba juu ya 12 toa 12 kwanza, halafu ndo utoe sita upate ya Kiswahili. 23 inabaki 11, toa sita inabaki tano, saa tano na dakika arobaini usiku. Namba ikigoma kutoa sita ongeza sita. Wakashika. Na screni za uwanjani zinafuata kizungu hata kama mama wa ufagio anafuata yetu.

Ndege ya pili masaa saba wakalala. Tulitua Frankfurt saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri ya kule, Dodoma wako mbele saa moja. Nje kumeshapambazuka kabisa, jua la mwezi wa sita kule linaamka mapema. Baridi haikututisha, mtu wa Dodoma mwezi wa sita anaujua upepo, masweta tulikuwa nayo.

Wakala_mstaafu

Mpakani waliwasumbua?

Mlezi wa Makole

Hapana. Kila mtoto alikuwa na kadi shingoni ina anwani ya mwenyeji na simu, na tulifanya mazoezi ya maswali matatu, umekuja kufanya nini, utakaa siku ngapi, unafikia wapi. Waliitwa mmoja mmoja, sisi walezi tuligawana, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja mwisho, ili asibaki mtoto upande wowote peke yake. Nilikuwa na hofu na yule kijana wa Hombolo maana tangu Dar alikuwa haongei. Akafika dirishani akasimama wima, akajibu yote matatu kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu, akagongewa muhuri, akapita.

Wakala_mstaafu

Kwa watakaoenda sasa, muhuri unaondoka. Kuna mfumo mpya umeanza Oktoba 2025, mgeni wa nje ya Ulaya anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole mpakani, watoto chini ya miaka 12 vidole hawachukui. Foleni zinaweza kurefuka, msikate treni au basi la kuunganisha karibu karibu.

Mlezi wa Makole

Nashukuru, hilo naliingiza kwenye karatasi yetu.

Nje tulikuta basi na wenyeji, tukaelekea Würzburg, kama kilomita 120. Wengi walisinzia. Tunakaribia mji Mvuna Zabibu ungekuwepo, milima yote ni mizabibu! Imepandwa mistari mistari inapanda kilima mpaka juu, sio tambarare kama Hombolo. Yule kijana alikuwa dirishani. Akanyanyuka. Akawa anamwelezea mwenyeji wetu kwa mikono kwamba sisi kwetu tunakata matawi hivi, waya tunavuta hivi, na ile mara ya kwanza tangu pipa la Dar nilisikia sauti yake ya kawaida.

binti_ipagala

Anti hujasema, bibi aliambiwaje?

Mlezi wa Makole

Tulipopata intaneti jioni ile alimpigia mwenyewe, nilikuwa pembeni. Bibi hakuuliza Ulaya ikoje, aliuliza asali imefika? Kijana akamwambia ukweli wote, chupa, mashine, pipa. Bibi kimya. Halafu akauliza, waliila au waliitupa? Akamwambia bibi sijui. Bibi akasema haya, kamba umebaki nayo? Akasema ninayo.

Kikundi cha pili kinaondoka mwaka huu na mjukuu wake hayumo, lakini wiki iliyopita kaja nyumbani kwangu na chupa ile ile ya lita moja, kamba ile ile, na juu yake kijana kaandika kwa maka pen nyekundu BEGI KUBWA.